Nusu Saa ya Jeddah

Ilianza Jumanne, saa kumi na nusu jioni, Mama alipochukua simu, akaingia nayo jikoni na kufunga mlango. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Murabba, Riyadh, mlango wa jikoni haufungwi. Kitasa chake hakishiki mpaka mtu auegemee, kwa hiyo nikajua Mama ameuegemea kwa mgongo. Nikabaki sebuleni na kitabu changu cha kemia, sisomi, nasikiliza.

"Usimwambie," Mama alisema. Akacheka kidogo. "Mwache na ratiba yake."

Aliyekuwa upande wa pili ni mwalimu wa michezo wa shule moja ya Jeddah, mwanamke wa Unguja ambaye nilikuwa sijamwona ila nimeambiwa nimwite anti. Yeye na Mama walikuwa wakiandaa bonanza la mpira wa Kiaustralia huko Jeddah, shule za Riyadh kwa shule za Jeddah. Mchezo huo uliletwa kwetu na mwalimu wa kutoka hukohuko Australia, miaka ile shule zilipokuwa zikizoa walimu kila pembe ya dunia. Yeye hakumaliza hata mwaka wa pili. Alimwachia Mama mifuko miwili ya mipira iliyochongoka kama kokwa za tende, na filimbi.

Mama ni mtu wa Voi, mwalimu wa netiboli. Sheria alijifunza kwenye video, na mwanafunzi wake wa kwanza nilikuwa mimi, baina ya kochi na televisheni. Mpira unaupiga teke au unaugonga kwa ngumi, huurushi. Uwanja una umbo la yai. Kila upande una nguzo nne zisizo na mtambaapanya. Ukipita baina ya zile mbili za kati ni pointi sita, ukipita pembeni ni moja, na ukiguswa na adui njiani, hata kwa ukucha, ni moja tu. Niliupenda mchezo huo kwa sababu mwamuzi wa goli haongei. Anavaa koti jeupe, anaonyesha vidole, anapeperusha bendera, basi. Mimi kuongea na watu kunanichosha.

Bonanza lilikuwa la wavulana. Naibu mkuu wa shule yetu, ambaye sote tulimwita mudiri, alishasema hivyo mbele ya walimu wote: wasichana watagawa maji na kuandika pointi. Na mudiri huyo ndiye aliyekuwa na mkataba mpya wa Mama kwenye faili lake. Ule wa zamani ulikuwa unakwisha pamoja na mwaka wa shule. Alimwambia Mama kwamba mambo ya saini watayaona baada ya bonanza, likipita bila maneno. Bila saini hakuna ikama, kibali cha kuishi Saudia, na bila ikama tunafunga masanduku, nami nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja tu kumaliza sekondari. Ndiyo maana niliposikia "usimwambie", niliamua kuchunguza.

Kesho yake niliisoma ratiba, iliyokuwa imebandikwa shuleni mwezi mzima. Mudiri aliiandika mwenyewe, maana hakumwamini mtu na saa. Mechi za asubuhi, mechi za mchana, kisha saa tisa na robo, sala ya Alasiri na chakula. Baada ya hapo, fainali. Sisi ni Wakristo, lakini ukikaa Riyadh miaka minne adhana inakaa ndani yako kama kengele ya shule. Saa tisa na robo ilikuwa Alasiri ya Riyadh. Jeddah iko mbali magharibi, jua linaifikia nyuma yetu kwa nusu saa. Nilihakikisha kwenye simu. Mudiri alikuwa amenakili kutoka kwenye kalenda ya ukuta wa ofisi yake, na kwa ratiba hiyo adhana ya Jeddah ingelia fainali ikitaka kuanza, mbele ya wazazi na wakuu wa shule zote.

Nilimwambia Mama. Alikuwa akikunja makoti meupe aliyoazima maabara.

"Soma kemia," akasema.

Makoti yalikuwa manne. Goli mbili zinataka waamuzi wawili. Sikuuliza, ila nililiandika hilo kwenye shajara yangu usiku, pamoja na wazo langu: anti anamtega Mama kwa kumshawishi anyamaze. Yeye ni Mwislamu, amezaliwa na saa za sala, hawezi kuwa hajaliona kosa lile. Na huko shuleni kulikuwa na minong'ono kwamba atachaguliwa mwalimu mmoja asimamie michezo ya miji yote miwili. Bonanza likiharibika, mudiri hatajilaumu mwenyewe. Atamlaumu mwandaaji kutoka Riyadh. Mama atarudi Voi, na anti atapata cheo.

Tulisafiri Ijumaa kwa basi, wavulana mbele, sisi wasichana nyuma na mipira. Wengine walilala kwenye ukumbi wa shule ya Jeddah, mimi na Mama tukachukuliwa na anti kwake, mtaa wa Bani Malik, ghorofa ya tatu, ngazi zinanuka vitunguu vya kila nyumba. Alikuwa mnene, mchangamfu, na alinibusu pande zote mbili kabla sijaweka begi chini. Alitupikia mkate wa kumimina. Nilikula vipande vitatu, na katika kila kimoja nilimshuku.

"Huyu mwanao kausahau ulimi Riyadh?" alimuuliza Mama.

"Anao. Anauweka akiba."

"Haya, bibie wa akiba, unavaa kiatu namba ngapi?"

Nilimwambia, kwa sababu si adabu kutojibu. Lakini namba ya kiatu changu anaitakia nini? Halafu nikamsikia akimweleza Mama kwamba chakula cha wavulana amekihamisha. Hakitapakuliwa tena kando ya uwanja. Kitakuwa kwenye ukumbi ulioshikana na msikiti, mwisho kabisa wa kampaundi yenye uwanja. Akasema dereva wa basi na walinzi nao wamealikwa. Mama akasema vizuri sana. Nililala nimeutazama ukuta, nikiona wavulana wanavyochelewa kurudi na fainali inavyosambaratika.

Jumamosi asubuhi tulichora yai juu ya uwanja wa soka wa kampaundi, huko upande wa Ruwais, kwa kamba na chokaa. Nguzo zilikuwa mabomba ya plastiki yaliyosimikwa kwenye matairi yenye saruji. Ukuta ulizunguka uwanja wote, mrefu kuliko mtu aliyebebwa mabegani. Mama na anti walipiga kazi ndani ya abaya zao kama watu waliozaliwa pacha, na hilo halikunipa raha.

Kufikia mchana niliamua kumwambia mudiri. Mama angekasirika, lakini mkataba ungepona. Nilifanya mazoezi ya sentensi moja ya Kiingereza: saa ya sala kwenye ratiba si ya hapa. Nikairudia mpaka ikawa laini. Mudiri akaja mwenyewe mezani kwangu, akasimama mbele ya chupa, akanitazama.

Nilifungua mdomo. Nikaishia kushika chupa.

"Maji?" akaniuliza.

Nikampa maji. Akanywa, akaenda zake. Niliwahi kuichukia haya yangu mara nyingi, lakini siku hiyo nilitamani kuivua na kuikanyaga.

Saa tisa na robo filimbi ikalia, wavulana wakatoka mbio kwenda kula. Mudiri alibaki katikati ya uwanja akisikilizia. Hapakuwa na adhana. Alitazama saa yake, akatazama ratiba, akatazama saa tena. Nilimwona anavyoelewa, shingo yake ilikuwa nyekundu. Anti akamwendea, akamwambia kwa Kiarabu, sauti ya asali, kwamba ni vyema vijana wapate chakula kwanza, na adhana ikiwakuta huko wataswali palepale msikitini, kisha warudi pamoja. Mudiri akaitikia kwa kichwa, akaondoka haraka bila kututazama. Wakuu wa shule, wazazi na walinzi wakamfuata. Dereva akawafuata.

Anti alifunga geti, akaliegemea.

"Halas, wamekwenda," akasema. "Yalla, haraka, wanangu."

Mama akavua abaya. Ndani alikuwa na trakisuti. Wenzangu wote, wa Riyadh na wa Jeddah, wakaanza kuvua zao, na chini kulikuwa na jezi. Anti akamwaga mfuko wa viatu juu ya nyasi, kila jozi na namba yake. Nilisimama na chupa ya maji mkononi kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Wote walijua. Wiki tatu walikuwa wakifanya mazoezi kwenye ukumbi wa shule ninapokuwa kwenye masomo ya ziada.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza Mama.

Alikuwa akinifungia vifungo vya koti jeupe la tatu. "Wewe husemi," akasema, "lakini uso wako unasema. Mudiri angeusoma kabla hujampa maji."

Basi kosa la mudiri ndilo lililotupa uwanja. Wanaume walikwenda kwa saa ya Riyadh na wangekaa mpaka saa ya Jeddah, na sala yenyewe juu yake. Hakuna aliyedanganywa. Watu wawili tu waliliona kosa wakaliacha lilivyo.

Sina maneno mengi juu ya mechi yenyewe. Nilisimama baina ya nguzo mbili na bendera zangu na kuwaona wasichana niliosoma nao miaka minne wakirukiana mabegani, wakianguka, wakiinuka na majani mdomoni. Adhana ilipolia Mama alisimamisha mchezo mpaka ikaisha, kisha tukaendelea. Mwishoni msichana wetu mmoja alipiga mpira ukaja kwangu moja kwa moja, juu, mzuri kabisa. Nilirudi nyuma nikiutazama, nikateleza, nikaanguka kwa magoti. Lakini niliona. Kidole cha msichana wa Jeddah kiliugusa. Niliinuka, nikaonyesha kidole kimoja. Wenzangu wakanizomea vizuri sana. Tukafungwa kwa pointi tatu.

"Huyu simtaki kwenye timu yangu," anti alisema akicheka. "Ana haki mno."

Wasichana Waislamu na anti wakavaa tena abaya zao, wakaswali Alasiri yao pale kwenye nyasi. Sisi wengine tulivaa zetu, tukaokota viatu. Mudiri aliporudi na wavulana, alitukuta tumesimama nyuma ya meza za maji, na fainali ikachezwa bila maneno. Alinitazama mimi kuliko wengine, au ndivyo nilivyoona. Chakula cha jioni kizima nilihisi macho yake. Hata anti sikuwa nimemwamini bado. Mtu anayeweza kunyamaza vizuri namna ile, atanyamaza nini kingine?

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla yao, nikalifua pindo la koti langu bafuni kwa limau na chumvi. Kijani cha nyasi kikawa manjano, lakini hakikutoka. Kwenye basi mudiri alikuwa amesimama mlangoni akikagua vifaa, faili kwapani. Mama alikuwa upande wa pili akifunga nguzo. Mudiri akalishika koti.

"Limelowa," akasema. Akaligeuza, akaona alama za magoti. "Jana kabla ya sala nilisikia filimbi. Nani alikuwa uwanjani?"

Nilitazama viatu vyake. Kisha nikasikia sauti yangu.

"Kwa ratiba yako, mudiri, saa hiyo watu wote walikuwa wanaswali."

Kichwani nilishafunga masanduku yetu yote. Akatoa ratiba kwenye faili, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akanirudishia koti.

"Lianike. Likifungwa bichi litanuka," akasema. "Na umwite mama yako. Kuna mahali anatakiwa kutia saini."

Faili lilikuwa wazi. Nilichungulia. Saini yake mudiri ilikuwapo tayari chini ya ukurasa wa mwisho, na wino wake ulikuwa umekauka. Aliitia lini? Kabla ya kuniuliza? Kabla ya filimbi? Sikupenda kutojua.

Nililitundika koti kwenye dirisha la basi, nikaenda kumwita Mama. Akaja akijifuta mikono, anti nyuma yake, mudiri akamnyooshea kalamu. Nikaingiza mkono katikati, nikauchukua mkataba, na nikausoma wote, ukurasa kwa ukurasa, palepale juani, wote wakinisubiri.