Mfuko wa Barua za Bondeni

Mwaka ule watu wa bondeni walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, Adela hakutulia. Alikuwa karani wa Posta Sumbawanga, na barua zilizidi kuja na majina ya vitongoji ambavyo havikuwa na watu tena. Kila aliyefika dirishani, Adela alimuuliza, "Umetoka Mtowisa? Unamjua Mwanaheri, yule ambaye mwanawe ni askari? Wamemhamishia kijiji gani?" Barua ya Mwanaheri kutoka kwa mwanawe ilikuwa mezani wiki ya tano.

Ndipo Muhidin, mwenye duka pale Majengo na lori la kubeba mpunga kutoka bondeni, akaomba mbele ya mkutano wa wananchi apewe yeye kazi ya kupeleka barua za bondeni. Tarishi wa Posta, alisema, anatembea kama kobe. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi.

Adela akasimama. "Kaka Muhidin, masika hakuna mpunga wa kupakia. Lori litashuka?"

"Dada Adela, lori tupu nilishushe likafanye nini? Likasalimie?"

"Na barua ya mtu aliyehamishwa?"

"Nitakurudishia. Mimi si mpelelezi."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Mimi pia nina mtoto jeshini. Ibaki Posta." Mwenyekiti akataka mikono inyooshwe, na mingi ikanyooka upande wa Posta.

Watu walipomfuata Adela kumpongeza, hawakumkuta kwenye kiti. Alikuwa mlangoni, akimsimamisha kila anayetoka. "Umetoka Mtowisa? Unamjua Mwanaheri?"