Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Mama alipokuja kukaa nami Nachingwea mara ya kwanza, aliacha kunywa maji. Ilinichukua siku kadhaa kuligundua jambo hilo. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili katika nyumba ya mzee mmoja mstaafu, na choo kilikuwa upande wa pili wa ua. Ili ukifikie ilibidi upite kati ya majiko ya wapangaji, kamba za nguo na baiskeli zilizoegeshwa popote. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha. Hospitali walishatuambia, kwa upole, kwamba tusiendelee kusubiri yarudi. Kila alipotaka kwenda choo alihitaji mtu wa kumshika mkono, na mchana mimi nilikuwa kazini, masjala, katika ofisi za wilaya. Jirani mpangaji mwenzangu alijitolea kumpeleka. Mama alimshukuru sana, kisha akapunguza maji. Asubuhi nilimwachia jagi limejaa, na jioni nililikuta limejaa.

"Sina kiu, mwanangu."

"Kwa joto hili, mama?"

"Mtu anayekaa tu, kiu itatoka wapi?"

Mwisho wa wiki aliomba nimrudishe Likunja.

Likunja, upande wa Ruangwa, ndiko nilikozaliwa, katika nyumba ya miti na udongo aliyoijenga marehemu baba. Huko mama hakushikwa mkono na mtu. Alipika, alifagia, alikwenda choo, alianika muhogo, yote peke yake. Lakini binti wa shangazi aliyekuwa akiishi naye alikuwa ameolewa na kuhamia Matambarale, na wiki chache baadaye kanga ya mama ilishika moto jikoni. Aliokolewa na beseni la muhogo uliolowekwa, ambalo bahati nzuri lilikuwa karibu na mguu wake. Aliponisimulia alicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Nilikuwa na kiwanja nilichokipata miaka ya tisini na kukiacha kiote majani. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikaamua kujenga. Nilitaka mahali ambapo mama angekunywa maji bila kufikiria kwanza nani yuko nyumbani.

Kabla ya kumwita fundi nilikwenda Likunja, nikakaa kwenye mkeka nikimwangalia mama anavyotembea. Mlango wa mbele ulitazama mawio. Asubuhi alikaa hapo jua likimpiga usoni, na likishayaacha magoti yake alijua wakati wa kubandika chungu umefika. Ukiingia, chumba chake kilikuwa mkono wa kulia. Mlango wa nyuma ulikuwa sambamba na wa mbele, kwa hiyo aliikata nyumba nzima kwa mstari ulionyooka, kiganja kikigusa ukuta mahali palepale. Ukuta pale ulikuwa umelainika na kung'aa kama mpini wa jembe. Jiko lilikuwa nje, mkono wa kushoto, na choo mbele yake, na ukifuata ukuta wa jiko unakifikia.

Nikatoa kamba ya katani na kuanza kupima, nikifunga fundo penye kila mlango na kila kona.

"Nini hicho kinaburuzwa?" mama akauliza.

"Kamba, mama."

"Ya mbuzi gani?"

"Naipima nyumba. Na wewe ndani yake."

"Anayempima mtu aliye hai ni fundi cherehani au mchimba kaburi. Wewe ni nani kati ya hao?"

"Fundi cherehani."

"Basi usinibane kwapani."

Fundi niliyempata Nachingwea alikuwa Mmakua wa makamo ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji. Mtu mpole, na mpenda nyumba nzuri. Siku ya kwanza alichukua kijiti akanichorea ardhini nyumba aliyoona ninaistahili: mlango mkuu na kibaraza vikitazama barabara, sebule pana, na chumba chenye choo ndani, kile mafundi wanachokiita masta. Nikaitandaza kamba yangu juu ya mchoro wake.

Akaiangalia. "Dada, hapa barabara iko machweo."

"Najua."

"Na wewe mlango unauweka mawio. Yaani mgeni akija anakutana na ukuta wa nyuma?"

"Atazunguka."

"Watasema fundi alikuwa amelewa."

"Waambie mwenye nyumba ndiye aliyelewa."

Tulibishana kila jambo, na kila jambo lilikuwa na gharama yake. Sebule pana niliipenda. Watumishi wenzangu wote walikuwa na makochi na kabati la vyombo, na mimi nilishajiona nimekaa pale na wageni. Lakini ukipanua sebule, chumba cha mama kinasogea mbali na mlango, na mstari wake unapinda. Sebule ikawa nyembamba. Choo cha ndani fundi alikitetea kwa nguvu, akisema ndicho kitakachokuwa karibu na mama. Hapo alikuwa na hoja, ila maji ya bomba yalikuwa hayajafika mtaa wetu, tulinunua kwa madumu yaliyoletwa na baiskeli, na choo cha ndani kisicho na maji kinakuwa adhabu ya nyumba nzima. Tukakijenga nje, sambamba na jiko, na fundi akaurefusha ukuta wa jiko ili mama aufuate kwa mkono. Bati tuliliweka mapema kuliko lipu. Nyavu za madirisha zikatangulia dari, kwa sababu mbu hawangoji.

Mambo mawili niliyaamua bila kamba. La kwanza ni sakafu. Ya Likunja ilikuwa ya udongo, yenye vumbi, na mama alikuwa na kikohozi, kwa hiyo nikataka saruji. Fundi akaiendeleza saruji hiyo nje ya milango yote miwili, chini ya bati lililojitokeza, mpaka jikoni na chooni, ili mvua zikianza mama asikanyage tope. La pili ni kizingiti. Kule Likunja baba alilaza gogo la mti mgumu chini ya kila mlango wa nje, nene kama muundi, kuzuia maji ya mvua. Nililiona gogo lile likiwaangusha watoto, kuku, na mimi mwenyewe. Kwa mtu asiyeona, niliwaza, si mtego huo? Nikamwambia fundi sakafu iwe sawasawa kutoka kitandani mpaka chooni, pasiwe na kitu cha kujikwaa. Hilo alilikubali kwa furaha. Ndilo jambo pekee tulilokubaliana mara moja.

Majirani walicheka kama alivyotabiri. Mama mmoja anayekaa ng'ambo ya barabara, ambaye baadaye tulipendana sana, alisimama na ndoo yake kichwani akaita, "Jirani! Nyumba yako imetununia, tumeikosea nini?"

"Ina haya," nikamjibu.

"Basi ifundisheni kusalimia!"

Mama alifika kiangazi kikiisha, kabla hatujapiga lipu, akiwa na kuku mmoja kwenye tenga, mkeka wake na kifurushi cha ming'oko, mizizi ya porini tunayochemsha kwetu. Ufunguo wa nyumba ya Likunja alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga. Niliuona. Nilimfikisha mlango wa mbele nikamwachia mkono. Akaingia, akanyoosha kiganja kulia, akakuta chumba chake. Akageuka, akaukuta mlango wa nyuma pale alipoutarajia. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Nyumba yangu mmeibeba na mimi nikiwa ndani!"

Lakini jioni ya siku iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta jagi limejaa. Na kesho yake. Alikuwa amekaa kitandani, ufunguo mkononi, akiugeuzageuza.

Nikaomba ruhusa kazini nikabaki nyumbani, nimekaa kimya pembeni ya ua. Asubuhi hiyo mama alitoka chumbani, akafuata mstari wake vizuri, akapita mlango wa nyuma na kuendelea. Mkono wake ulikuwa bado unatafuta ukuta wa ndani. Saruji chini ilikuwa ileile, kivuli cha bati kilimfunika, jua halikumgusa. Akasimama. Akageuka kushoto, akageuka tena, kisha akaishusha mikono na kubaki wima katikati ya njia, kama mtu aliyeambiwa asubiri. Hakuita mtu.

Nilimshika mkono.

"Ulikuwepo?" akauliza.

"Nilikuwepo."

"Nyumba hii haina mwisho, mwanangu. Ndani na nje ni kitu kimoja. Kule kwangu mguu ukikanyaga lile gogo la baba yako, najua nimetoka. Nikilikanyaga tena, najua nimerudi."

Kiswahili chake kilikuwa cha shule ya watu wazima na cha sokoni, na hayo alianza kuyasema kwa Kiswahili akayamalizia kwa Kimwera. Alipochoka alirudi huko.

Nilimweleza fundi, akajikuna kidevu. "Dada, si ulisema hutaki kikwazo?"

"Sasa nakitaka."

"Nitafinyanga cha saruji. Asubuhi moja tu."

Mama alikuwa akitusikiliza kutoka kwenye mkeka wake. Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo na kuuelekeza mahali sauti ya fundi ilikotoka.

"Baba, saruji ni baridi. Nenda Likunja ukaling'oe lile la mbele. La nyuma limeliwa na mchwa."

Nilitaka kuhakikisha ameelewa anachokisema. "Mama, ukiling'oa lile, mvua zikianza maji yataingia. Ile nyumba haitamaliza masika."

"Ninajua maji yanapitia wapi kule kuliko wewe," akasema. Kisha, polepole zaidi: "Iache. Baba yako hakai mle."

Fundi alirudi na gogo limefungwa nyuma ya gari la mizigo lililotoka Ruangwa. Katikati lilikuwa limeliwa na nyayo mpaka likabonyea. Kwa kuwa milango ilikuwa miwili na gogo moja, akalipasua kwa urefu, na ule mbonyeo ukabaki kwenye vipande vyote viwili. Mama alisikia msumeno.

"Mnampasua mzee," akasema.

"Tunamgawa, mama," fundi akajibu. "Mmoja akupokee, mmoja akusindikize."

Kabla saruji ya kushikilia vipande haijakauka vizuri, yule jirani wa ng'ambo alizunguka nyumba kuja kutusalimia, akajikwaa mlangoni nusura aanguke.

"Jamani! Mgongo mmetupa, na mguu mnatutegea!"

"Karibu," mama akamwambia akicheka. "Sasa umeingia."

Waliongea mpaka jua likayaacha magoti. Jirani alipoondoka, mama akainuka mwenyewe. Nilibaki nimekaa. Nilisikia kiganja chake kikikwaruza ukuta, kisha wayo wake ukitua juu ya gogo la mlango wa nyuma na kusita kidogo. Kisha kimya, isipokuwa mkono ukiteleza kwenye ukuta wa jiko. Mlango wa choo ukalia, na baada ya muda ukalia tena. Wayo ukatua juu ya gogo. Akarudi mkekani akijifuta mikono kwa kanga, akaketi.

"Lile jagi liko wapi?"

Nikammiminia. Akanywa yote bila kupumzika, akaninyooshea kikombe.

"Ongeza," akasema. "Jaza."