Meneja alivyotukataza kukunja shuka wawili wawili, hoteli moja Malindi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wakubwa, shikamooni.

Juzi nimesoma humu uzi wa jamaa anayeuza semina za teamwork na mental health kazini. Slaidi, chati, mishale. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Hayo sisi tulikuwa nayo miaka ya themanini, kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja Malindi, bila slaidi hata moja, mpaka alipokuja msomi akatuondolea.

Yalinipata mimi mwenyewe. Sina sababu ya kuyapamba, maana hata mimi sitoki safi humu ndani.

Tulikuwa watu sita. Mimi kijana niliyetoka Vitengeni na sanduku la bati, najiona mjanja kuliko mji mzima. Kazi ilikuwa kufua, kuanika, kupiga pasi na kukunja mashuka ya wageni.

Hapo kwenye kukunja nisikilizeni. Shuka la kitanda kikubwa hukunjwa na watu wawili. Huyu anashika pembe mbili, yule pembe mbili, mnalivuta likanyooka, kisha mnatembea mpaka mnakutana katikati, uso kwa uso. Mnaachana, mnakutana tena. Kutwa nzima.

Mwenzangu wa kukunja alikuwa Mama Karisa, mtu wa Sabaki. Huyo mama hakuulizi habari akaridhika na "nzuri". Atauliza umeamkaje, mama yako kule nyumbani anaendeleaje, na kile kidonda cha mguu kimekauka? Ukishajibu, nawe unamuuliza yeye. Mkifika shuka la tano kila mmoja anajua mwenzake leo ana nini. Aliyeamka vibaya anaachiwa kazi nyepesi, wengine wanamfidia. Hakuna kikao, hakuna fomu.

Na mashuka yalikuwa meupe, wakuu.

Kisha akaja meneja mpya. Tai shingoni, kwenye joto la Malindi la mwezi wa pili! Alikuwa amesomea mambo ya hoteli, na alitaka tulijue hilo kabla hatujajua jina lake. Akasimama mlangoni, akatutazama tunakunja.

"Watu wawili, shuka moja?" akasema. "Na bado mnapiga soga?"

Kesho yake amri. Kila mtu na meza yake, akunje peke yake. Maneno marufuku, hata salamu za asubuhi zikome, eti zinakula saa za kazi. Ukutani akapigilia ubao wenye majina yetu, na kila jioni anaandika nani amekunja mangapi. Wa kwanza, picha yake inatundikwa mapokezi. Wa mwisho miezi miwili mfululizo, kwaheri.

Msomi wetu hajawahi kukunja shuka maishani mwake. Shuka kubwa ukilikunja peke yako linagusa chini, na chini ni mchanga wa viatu vya watu. Ukilirudisha lifuliwe, unabaki nyuma ubaoni.

Basi tukawa tunakunja upande mchafu ukae ndani. Nje theluji, ndani mchanga. Meneja anapita, anahesabu marundo, anatabasamu.

Mimi nikawa wa kwanza. Nisiwadanganye, nilifurahi kama mjinga. Pasi nzuri ilikuwa moja tu, nikawa nawahi asubuhi kuinyakua kabla ya wenzangu. Picha ikatundikwa, nimetoa meno yote.

Mama Karisa akawa wa mwisho. Mwezi wa pili wa ubao ndipo akawa anababaika kabisa, anasimama na shuka mkononi akitazama ukuta. Siku moja akaacha pasi juu ya shuka mpaka likatoka moshi. Mimi nilikuwa meza ya pili yake. Nilimwona. Sikumuuliza neno, nilikuwa na marundo yangu.

Jioni ile akafutwa kazi.

Kumbe mwanawe Karisa alikuwa amelazwa, surua imemwingia kifuani. Mama anatoka wodini anakuja kazini, anatoka kazini anarudi wodini, wiki ya tatu hiyo. Tulikuwa naye chumba kimoja na hakuna aliyejua. Zamani tungejua kabla ya shuka la tano.

Haukupita muda, mgeni mmoja akafunua kitanda akakuta mchanga. Kisha wa pili. Kisha kundi zima likashuka mapokezi na mashuka mikononi, likasimama kulalamika chini ya picha yangu. Wenye hoteli wakamshukia meneja, ubao ukang'olewa. Unadhani alisema amekosea? Alisema "tumeboresha utaratibu". Watu wa tai hawa!

Tukaambiwa tukunje wawili wawili tena. Tulikuwa tumebaki watano. Wenzangu wakajipanga wawili na wawili bila hata kunitazama. Mimi nikabaki nimeshika pembe zangu mbili, upande wa pili uko sakafuni.

Meneja akanituma Sabaki nikamwombe Mama Karisa arudi. Nikaenda naringa, si nimebeba habari njema! Nikamkuta uani anapepeta mahindi. Karisa mzima, mwembamba, anakimbiza kuku. Mama akanikaribisha vizuri. Akaniuliza nimeamkaje, mama yangu anaendeleaje, mguu je. Zote, hakuacha hata moja. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikampa ujumbe. Akausikiliza mpaka mwisho.

"Tutakunja wangapi?"

"Wawili wawili, mama, kama zamani."

"Na mimi wangu nani?"

"Mimi."

Akaokota ungo wake.

"Nenda salama, Kazungu. Nisalimie wenzako."

Ndiyo hivyo, wakuu. Mtu mwenye mzigo moyoni mikono yake huchelewa, na hakuna ubao utakaokuambia kwa nini. Ni mpaka umuulize.

Wenye semina karibuni mnipinge. Na wewe uliyepewa cheti cha mfanyakazi bora mwezi huu, usipite kimya. Tuambie wa meza ya pili yako ameamkaje leo.