Vifaranga wa Shangazi

Juzi shangazi alikuja getini kwangu Kombewa, kwangu mimi mwenye diploma ya ufugaji wa kuku, akiwa amebeba mayai viza yaliyokataa kuanguliwa. Uvundo wa mayai hayo ulinirudisha utotoni, kwenye sanduku lake la kuangulia lililonuka mafuta ya taa. Mchana mmoja vifaranga walilia ndani ya maganda, naye shangazi akamfunulia kifuniko kila jirani aliyepita. Vifaranga waliponyamaza, alinigeukia mimi niliyekaa nikisikiliza.

"Macho ya huyu mtoto yamewaua! Toka kwangu!"

Nilimwamini, nikawa nafumba macho kila nilipopita penye kuku. Leo najua kule kufunua kulitoa mvuke wote, vifaranga wakakaukia ndani.

"Majirani wote waliyaona sandukuni, yalikuwa mazuri," shangazi alilalamika pale getini. "Kosa liko wapi, mwanangu?"

"Sijui, Shangazi," nikasema. Aendelee kuwaonyesha.