Salamu Nilizomwandikia Mjomba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwandikia mjomba maneno ya kusema. Nililifanya wiki ileile aliyohamia, tena nikajipongeza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikiishi Kangemi na kuchora mabango ya vinyozi na mabucha. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza herufi kwa kunakili kuta za mjini, na herufi moja ikipinda nilifuta ubao mzima, hata mwenye duka akiniambia imetosha. Kabla ya kuongea na mteja nilirudia maneno yangu kichwani mara tatu, nne. Nakiri hili mapema kwa sababu ndilo lililotuingiza taabani.

Mjomba ni kaka wa mama. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipanga mafaili katika ofisi moja katikati ya jiji, akiishi kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya nyumba ya watu, Hurlingham. Asubuhi alitembea hadi kazini, jioni akarudi kwa njia ileile. Hakuoa. Hakuangalia mtu usoni, hakupenda kushikwa mkono, na redio ikiwashwa ghafla aliziba masikio. Nyumbani kwetu, magharibi mwa nchi, walisema ana kiburi. Neno usonji nililisoma miaka kadhaa baadaye katika saiba moja mjini, duka la kukodisha intaneti, nikabaki nimeikodolea macho ile kompyuta hadi mhudumu akaniambia muda wangu umekwisha. Baadaye daktari alilithibitisha. Lakini wakati ule hatukuwa na neno, tulikuwa na mjomba tu.

Alipostaafu, kiwanja cha Hurlingham kiliuzwa ili yajengwe maghorofa. Tulizunguka wiki tatu tukitafuta nyumba. Alikubali moja tu, chini kabisa ya Waithaka, kule ambako lami iliisha na mashamba ya nepia, majani ya ng'ombe, yakaanza.

"Hapa kuna kelele tatu," aliniambia. "Ng'ombe, jogoo, na mvua kwenye mabati. Nitaziweza."

Yeye alitulia. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Mjini unaweza kupita watu elfu moja bila kufungua mdomo. Kule kila lango lilikuwa na mtu, na ukipita bila kusimama na kuuliza habari za nyumba, kesho yake unaitwa mwizi. Tena maji yote yalitoka kwenye kisima kimoja, ndani ya boma la bibi mmoja jirani. Mjomba akikosana na huyo bibi angelazimika kuhama, na hakuwa na pa kuhamia.

Basi nikachukua kadibodi nyeupe na brashi yangu nyembamba. Nilirudia mara nne hadi mistari ikanyooka. Simama langoni. Sema hamjambo. Uliza watoto. Uliza ng'ombe. Uliza mzee wa nyumba anaendeleaje. Kisha omba maji.

Mjomba aliisoma polepole. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Bila kuruka?"

"Bila kuruka, mjomba. Watu wa huku ndivyo walivyo."

Nilisema hivyo kana kwamba niliwajua.

Jumapili iliyofuata nilitembea kutoka Kangemi nikipitia Kawangware. Nilimkuta ameketi mlangoni, ndoo mbili tupu miguuni.

"Kisima kimefungwa kwa kufuli," akasema. "Tangu juzi."

"Ulifanya nini?"

"Nilisalimu."

Nilikwenda kwa yule bibi huku nikitunga maneno ya kuomba radhi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nilipofika langoni yote yalikuwa yamenitoka. Alikuwa akimkatia ng'ombe wake nepia kwa panga, wala hakuniangalia.

"Shosho, shikamoo."

"Wewe ndio kijana ya huyo mzee? Mwambie akanywe maji ya mto."

"Amekukosea nini, shosho?"

Panga likasimama. "Siku ya kwanza ananiuliza mzee yangu anaendeleaje. Nikamwambia, nilimzika mwezi wa nne. Akasema pole. Nikasema sawa, ni mgeni, hakujua. Kesho yake, mzee anaendeleaje? Siku ya tatu, mzee anaendeleaje? Siku ya nne wamama wa kisima wakaanza kunicheka. Ati nimepata bwana mpya, kazi yake kuulizia yule wa zamani! Mimi ni wa kuchezewa?"

Nyuma yangu nikasikia hatua. Mjomba alikuwa amenifuata, kadibodi mkononi. Akamnyooshea yule bibi, macho yake yakiwa kwa ng'ombe.

"Hii ndiyo ilikuwa inauliza," akasema.

"Sina miwani. Kijana, soma."

Nikasoma. Nilipousoma mstari wa mzee wa nyumba nikaishia hapo, wala hakukuwa na haja ya kuendelea.

"Kumbe ni wewe," akaniambia.

"Ni mimi, shosho. Nisamehe."

Kisha nikamgeukia mjomba, na kwa aibu niliyokuwa nayo nikamfokea. "Lakini alikuambia alimzika! Hukuona si vizuri kuuliza tena?"

"Niliona," mjomba akajibu. "Siku ya pili niliona si vizuri. Lakini wewe ndiye unajua watu."

Mimi! Mimi niliyejificha nyuma ya ubao mteja akija na marafiki. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba hisia yake kuhusu watu si sahihi, na mara hii moja ilipokuwa sahihi, aliiweka kando kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri.

Bibi akaniashiria nikae kando.

"Mzee, bila hiyo karatasi ungekuja kusema nini hapa?"

"Ningesema nataka maji."

"Basi si useme hivyo tu! Mimi sina haja ya kuulizwa ng'ombe, naishi naye." Akachomoa ufunguo kwenye fundo la leso. "Lakini asubuhi kuna watu wengi na mdomo mingi. Kuja saa nane. Saa nane hakuna mtu."

"Saa nane kamili?"

"Kamili. Na ukinipata nimelala, chota uende."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali na kwenda kuleta ndoo zake.

Bado anaishi kule chini ya Waithaka, na huchota maji saa nane. Mimi bado nina wasiwasi na bado nafuta herufi. Kilichobadilika ni kwamba sasa namuuliza yeye kwanza, na akisema jambo si vizuri, namwamini.