Vipele vya Mtoto wa Masika

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi katika maternité, wodi ya wazazi, ya kituo kimoja cha afya, Butembo, niliona mtoto mchanga mwenye vipunje vyeupe puani, kama chembe za unga. Nikakimbilia dawa. Mama Titulaire, muuguzi mkuu wetu, akanizuia. Alinieleza kwamba ni ngozi iliyokufa imenaswa chini ya ngozi mpya, itatoka yenyewe. Akaongeza: "Kwanza angalia mutoto, kisha bipele."

Nilitumwa Kirumba, halafu Beni. Huko ndiko nilikompokea Masika, mzazi wa mara ya kwanza. Hakutaka kukaa kwenye benchi pamoja na wengine. Alisimama mlangoni, mtoto amemfunika kitenge hadi usoni. Majirani walikuwa wamesema ni surua. Nyumbani hakuna aliyembeba mtoto tena, na Masika alihamishiwa kulala jikoni. Mama mkwe wake, aliyemsindikiza, alikuwa akimpaka mtoto mafuta ya mawese kila asubuhi, na vipele vikazidi.

Nilimfunua mtoto. Alikuwa na majuma matatu, mashavu yamejaa vipele vyekundu, vingine vyenye kichwa cheupe. Lakini mwili haukuwa na joto, macho yalikuwa safi, hakukohoa, hakuwa na lengelenge hata moja. Nikaomba anyonyeshwe. Alivuta kwa nguvu.

"Hii haiko surua," nikasema. "Ni chunusi ya batoto bachanga. Homoni za mimba zingali mu mwili yake."

Masika akauliza polepole, "Donc, basi hatakufa?"

"Hapana. Mumunawishe na maji safi tu. Musifinye, musipake kitu."

Niliwaambia pia warudi mbio akipata homa, akikataa ziwa, au akitoka malengelenge. Masika alikuwa analia bila sauti. Mama mkwe aliangalia mikono yake, kisha akainyoosha.

"Nipe mujukuu wangu."

Akamweka begani, shavu kwa shavu. Wakaondoka hivyo. Mimi mwenyewe nilipumua.

Sasa niko pansheni, nimestaafu. Katika kazi hii nilishazika watoto tuliowapigania kwa dawa zote, nikajifunza kwamba dawa si kila kitu, kwa hiyo ninyi vijana wa uuguzi, msione haya kumrudisha mama nyumbani bila kidonge, mkishamwangalia mtoto vizuri.

Juzi nilikutana na Masika kanisani. Akanisimulia, akicheka, kwamba mtoto wake wa pili naye alitoka vipele usoni. Nikamuuliza mbona hakumleta. Akasema alimnawisha, akamnyonyesha, wakaenda sokoni.