Mfaransa Aliyenitoa Mstarini

Kwetu Ng'ambo kulikuwa na mshelisheli nyuma ya nyumba ya jirani, na kazi yangu mie ilikuwa kudaka. Kaka yangu hupanda na mundu, hukata, nami chini nimetanua mikono. Shelisheli likipiga ardhi hupasuka, na lililopasuka mama halitaki, maana halilali, kesho yake limeoza. Mama akilichoma kwa makaa, akalipaka siagi, basi hata jirani mwenye mti akija kuomba kipande. Lakini tuyaache ya siagi, nitasahau nilikokuwa nakwenda. Skuli nimekaa miaka mitatu tu; iliyosoma ni mikono. Nilipofika Landani, miaka michache baada ya Mapinduzi, nilikuja na koti la kuazima na mikono hiyo.

Nikapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, Lewisham. Jumapili tulikuwa na timu yetu, Wazanzibari na watu wa bara, na golini nikikaa mie. Nilikuwa kipa mzuri, sioni haya kusema. Kasoro yangu moja: nilikuwa sitoki mstarini mwa goli. Mtu akinijia peke yake, namngoja.

Kasoro hiyo aliiona Mfaransa mmoja aliyekuwa akikunja mashuka meza ya pili. Alikuja kututazama Jumapili moja, akawa haondoki. Kwao alidaka miaka kumi na moja, timu ya mji mdogo, mpaka bega likateguka mara ya tatu. Wakamfanya kocha wa makipa. Msimu mmoja tu, wakamwambia anajua kuruka, hajui kufundisha. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, ndiyo maana tulielewana.

"Nataka kipa mmoja," aliniambia. "Watu wamwone, waseme huyu kafundishwa na yule."

"Basi umeshampata."

Kila tukimaliza kazi alinipeleka uani. Anafunga shuka bichi fundo, ananitupia. Zito lile, halidundi, ukizembea linakupiga kifuani. "Toka," ananiambia. "Mgeni mbaya mpokee njiani, usimngoje mlangoni." Miezi minane hiyo. Nahodha wetu, dereva wa basi, akinicheka: "Kipa, siku hizi unafua au unafuliwa?" Lakini nikaanza kutoka, na mabao yakapungua, na Mfaransa tukamfanya kocha wa timu nzima.

Ikaja mechi ya mwisho, anayeshinda anapanda daraja. Sasa sisi watu wetu, mechi kubwa haichezwi kwa miguu mitupu. Mzee mmoja mwenye duka la nyama Peckham alikuwa na hirizi kutoka Pemba, imeshonewa kitambaa cheusi.

"Ifunge nyuma ya wavu, mwanangu," akaniambia.

Nahodha akaongeza, "Funga, sheikh. Haikuli."

Nikafunga. Sikuamini sana, wala sikukataa. Kwetu kitu kama hicho hukikatai mbele ya mtu mzima.

Mechi ikachezwa. Mara tatu mshambuliaji wao alinijia peke yake, mara tatu nilimtokea nikamlalia mpira miguuni. Mara ya tatu nilimsikia Mfaransa akicheka kwa raha pembeni. Tukashinda moja bila.

Filimbi ilipolia wenzangu walikuja mbio, nikatanua mikono. Wakanipita. Walikwenda nyuma ya wavu, wakaifungua hirizi, wakaibusu, wakambeba mzee wa nyama mabegani wanamzungusha uwanja.

Mfaransa akanijia, taulo mkononi.

"Kile nini?"

"Dawa ya goli."

"Ile mipira mitatu, nani kaidaka?"

Nao ndiyo kwanza wanatufikia na mzee wao juu. Mzee ananitazama, nahodha ananitazama. Neno moja tu lilitakiwa, na nilikuwa nalo.

"Dawa imesaidia," nikasema.

"Tena sana," nahodha akadakia. "Huyu bila dawa angekula matatu."

Mfaransa akamtazama mzee kule juu, akanitazama mie. Hakukasirika. Akaliweka taulo begani kwangu, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akakata uwanja kuelekea kituo cha basi. Nilidhani anakwenda kununua sigara. Jumatatu meza ya pili alikuwapo mama mmoja mgeni anakunja mashuka.